Laptopu kubwa: yenye namba pembeni au isiyo nazo?

Dada yangu alinipigia simu Jumamosi mchana akiwa kaunta ya duka moja Kariakoo, kelele za mtaa zikimshinda sauti. "Kaka, wameniwekea mbili hapa mezani. Zote kubwa, zote zimetumika, bei zinakaribiana. Moja ina zile namba pembeni, nyingine haina. Kijana ananiambia yenye namba ndiyo kamili, ile nyingine imepunguzwa. Nibebe ipi?" Nikamwambia asitoe hela kwanza, anywe soda, nitampigia baada ya nusu saa.

Jibu halikuwa jepesi kwa sababu mashine ingekuwa na mabwana wawili. Dada ana duka la dawa Mbagala, na papo hapo ni wakala wa kutuma na kupokea pesa. Jioni anaingiza mauzo. Mwisho wa mwezi anakaa na lundo la risiti. Mwanawe, Hamisi, yuko mwaka wa mwisho chuoni na anaandika tasnifu. Mimi niliyeulizwa natunza vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara wadogo. Nimetumia mashine za aina zote mbili kwa miaka, na kila aina imewahi kuniudhi.

Neno "kamili" ndilo lililonikera. Muuzaji alilisema kana kwamba kuna mtu aliyechukua laptopu nzima akaikata kipande cha kulia. Ukichukua rula utaona mambo hayako hivyo.

Tuanze na rula

Vitufe vya kibodi ya kawaida vimepangwa kwa kipimo kimoja: kutoka katikati ya kitufe hadi katikati ya jirani yake ni milimita 19.05, yaani robo tatu ya inchi. Eneo la herufi, kuanzia ukingo wa Tab hadi ukingo wa Backspace, lina upana wa vitufe 15, sawa na milimita 286 hivi. Pedi ya namba ina safu 4, milimita 76. Jumla ni 362, na hapo hujaacha hata mwanya wa kutenganisha namba na herufi.

Sasa geukia skrini. Inchi 15.6, zinazopimwa kona hadi kona, ya umbo la 16:9 (upana 16 kwa kimo 9) ina upana wa milimita 345. Inchi 16 ya umbo la 16:10, inayozidi kuonekana kwenye mashine mpya, nayo ni 345 vilevile. Ilichoongezewa ni kimo. Zamani fremu za plastiki kuzunguka skrini zilikuwa nene na mashine nyingi za inchi 15.6 zilifika milimita 375 au zaidi, kwa hiyo pedi ilipata pa kukaa. Fremu zilipokonda, nyumba ikawa ndogo kuliko fanicha.

Ndiyo maana Dell XPS 15 iliyotoka mwaka 2020 haina pedi: mashine nzima, ukingo hadi ukingo, ni milimita 344.7. Hakuna aliyeipunguza. Kibodi ya mezani yenye vitufe vyote isingeingia hata ukiondoa kuta. Apple wao ni habari nyingine. MacBook Pro ya inchi 17, iliyouzwa kati ya 2006 na 2012, ilikuwa na nafasi ya kutosha, lakini waliiacha kibodi katikati na kujaza pande zote mbili kwa spika. Kwa hao ulikuwa uamuzi, si uhaba.

Mtengenezaji anayeng'ang'ania pedi kwenye mashine ya kisasa hana njia isipokuwa kubana, na ni vizuri kujua anabana wapi. Safu za namba huwa nyembamba kuliko za herufi. Shift ya kulia hufupishwa. Kwenye baadhi ya mashine kitufe cha mshale wa kulia huvamia chini ya pedi, na 0, ambayo kwenye kibodi ya mezani ni pana mara mbili ili dole gumba lisiikose, inabaki kitufe cha kawaida. Kwa watu wanaohesabu kwa shilingi hilo si dogo. Mauzo ya siku ya 1,250,000 yana sufuri nne mkiani, na dole gumba ndilo linalozipiga. Kuna pedi za nje zenye kitufe cha 00 kwa ajili ya watu kama sisi. Kwenye laptopu usikitarajie.

Mwingine anayeumia ni kitufe cha nukta ya juu, kile kilicho jirani na Enter. Kiswahili hakihitaji alama nyingi, lakini ng'ombe, ng'ambo na kung'oa vyote vinapita kwa kidole cha mwisho cha mkono wa kulia. Upande wa kulia ukibanwa, kidole hicho huangukia Enter, na sentensi inakatika katikati ya ng'ombe.

Mikono kushoto, macho katikati

Weka vidole vya shahada juu ya F na J, penye vile vialama vya kugusa. Mpaka wa G na H ndio katikati ya mikono yako. Kwenye laptopu isiyo na pedi mpaka huo uko kama sentimita moja na nusu kushoto ya katikati ya skrini. Kibodi zote ziko hivyo na mwili umezoea. Weka pedi ya milimita 70, eneo la herufi linasogea kushoto kwa nusu yake. Jumla unakuwa umetoka katikati kwa sentimita tano, upana wa vidole vitatu.

Utasema sentimita tano ni nini. Kaa nazo saa sita. Ukiiweka mashine ili skrini iwe mbele ya uso, mabega yanapinda kushoto. Ukiisogeza kulia ili B iwe mbele ya kitovu, mikono inanyooka lakini shingo inageuka. Kimoja lazima kipinde. Mimi hutumia hiyo ya pili, na mezani inavumilika. Ukiipakata mapajani hakuna kusogeza: mashine hukaa palipo na mizani, mikono ikafuata.

Kuna jambo dogo nililoligundua kwa kulifanya, sikulisoma popote. Usumbufu huu haumpati kila mtu sawa. Anayejaza jedwali la Excel, safu A, B na C ziko kushoto mwa skrini, kwa hiyo macho yake nayo yako kushoto karibu siku nzima. Mikono na macho vinakutana. Anayeandika ukurasa, ukurasa uko katikati, na yeye ndiye anayekaa upogo. Yaani pedi humwonea zaidi yule yule ambaye haihitaji.

Tachipedi, kile kibao cha kusogezea mshale kwa kidole, nayo hufuata moja ya njia mbili. Ama inakaa chini ya kitufe cha nafasi, yaani kushoto, na mkono wa kulia unavuka kuifikia. Ama inakaa katikati ya bodi, na kiganja cha kulia kinalala juu yake unapoandika, mshale ukaruka huku na huko. Dukani, andika aya nzima, si jina lako tu, kisha uone mshale umekwenda wapi.

Namba zako ni za aina gani?

Hapa ndipo uamuzi ulipo, na ndipo wengi wanapokosea kwa kujiuliza "je, ninaandika namba?" Kila mtu anaandika namba. Jiulize namba zako zinakuja kwa mfululizo au kwa vipande.

Faida ya pedi huanza pale vidole vitatu vinapotulia juu ya 4, 5 na 6, kidole cha kati kikigusa kialama cha 5, dole gumba likiwa juu ya 0, na kidole cha mwisho kikisimamia + na Enter. Tangu hapo mkono hauondoki, macho hayaondoki kwenye karatasi, na mkono wa kushoto unageuza risiti. Watu husifu kasi, lakini kwangu thamani kubwa ni huo mkono wa kushoto ulio huru na macho yasiyopanda na kushuka. Kwenye mstari wa namba ulio juu ya herufi unahitaji mikono yote miwili, na wengi wetu tunahitaji na macho. Ukirudi kwenye karatasi umepotea mstari, ukaingiza risiti moja mara mbili.

Tanzania imejaa namba zinazopenda pedi. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ni tarakimu 20. TIN, namba ya mlipakodi, ni tarakimu 9. Namba ya kulipia huduma za serikali, ile control namba, ni tarakimu 12. Zote ni tarakimu tupu, hakuna herufi hata moja. Mtu anayeingiza orodha ya wanachama wa chama cha akiba na mikopo, kila mmoja na NIDA yake na simu yake, akiwa na pedi anafanya kazi, na akiwa hana anatumikia adhabu.

Vuka Namanga hali inabadilika. PIN ya KRA, namba ya mlipakodi wa Kenya, huanza na herufi, zinafuata tarakimu 9, inafungwa na herufi nyingine. Namba ya muamala wa M-Pesa ya Kenya ni herufi na tarakimu zilizochanganywa, kumi kwa pamoja. Mhasibu wa Nairobi anayelinganisha miamala kwa mkono atakuwa anaruka kati ya pedi na herufi kila baada ya vidole viwili vitatu. Kiasi cha fedha ataandika kwa pedi, sawa, lakini ushindi wake si mkubwa kama wa mwenzake wa Dodoma.

Nenda tena Bukavu, Lubumbashi au Bujumbura, kwenye ofisi zinazotumia kibodi za Kifaransa, na mizani inageuka kabisa. Kwenye kibodi hizo, ziitwazo AZERTY, mstari wa juu hautoi namba mpaka ubonyeze Shift. Ukipiga 1, 2, 3 bila Shift unapata &, é na alama ya kunukuu. Bila pedi, kila kiasi cha faranga ni kazi ya vidole viwili kwa tarakimu moja. Kama hiyo ndiyo kibodi yako, na hesabu ni sehemu ya kazi yako, nunua yenye pedi na usisome zaidi.

Sasa dada yangu. Nilijaribu kuona mikono yake inafanya nini. Anaandika jina la dawa, labda herufi nane au kumi. Halafu idadi: 24. Halafu bei: 3500. Halafu dawa nyingine. Hizo ni namba za vipande. Kwa tarakimu mbili au nne, kuuhamisha mkono wa kulia kutoka J hadi kwenye 5 ya pedi, kisha kuurudisha na kupapasa kialama cha J, kunakula zaidi ya kinachookolewa. Mstari wa juu uko hapo hapo, kidole kinapanda na kushuka. Mazoea haya ya kazi ndogondogo, jina-namba-jina-namba, ndiyo ya maduka mengi ninayoyahudumia. Wenye maduka wanaamini wanahitaji pedi kwa sababu wanashika fedha. Wanaoihitaji kweli ni sisi tunaokuja mwisho wa mwezi na mafaili yao.

Kuna na kikwazo kingine kwake, cha uwakala. Siku nzima kidole chake kiko kwenye simu, na simu ina 1, 2, 3 juu. Kikokotoo na pedi ya kompyuta vina 7, 8, 9 juu. Mgongano huu ni wa zamani: vikokotoo vilishazoea mpangilio wao wakati Bell Labs ya Marekani ilipochapisha, mwaka 1960, majaribio ya mipangilio mbalimbali ya vitufe vya simu. Simu za vitufe zilipoingia sokoni mwaka 1963 zikawa na 1 juu, na hakuna upande uliorudi nyuma tangu siku hiyo. Wakala aliyezoea simu akishika pedi bila kuangalia, 1 yake inakuwa 7. Namba ya mteja ikikosewa hivyo, fedha zinakwenda kwa mtu mwingine. Hili linafundishika kwa wiki chache, mimi nilijifunza, lakini asiyejifunza anabaki akidonoa pedi kwa kidole kimoja huku akiangalia chini, na hapo hajapata faida yoyote juu ya mstari wa juu.

Vituko vya NumLock

Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 haikuwa na vitufe vya mishale vya peke yake. Pedi ilibeba mishale na namba kwa pamoja, na NumLock ikaamua kipi kifanye kazi. Baadaye mishale ilipata mahali pake, lakini NumLock haikuondoka, imebaki kama mgeni aliyesahau kuaga. Kwenye laptopu nyingi zenye pedi iko bega kwa bega na Backspace. Unafuta kosa, kidole kinateleza, na tangu hapo kila namba unayopiga inakimbiza mshale juu ya jedwali. Mara mbili nimeandika juu ya takwimu za mteja kwa njia hiyo. Siku nyingine mashine inawaka NumLock ikiwa imezimwa, unapiga PIN ya kuingilia kwa pedi, hakuna kinachoandikwa, unadhani vitufe vimekufa.

Baadhi ya watengenezaji huweka na kitufe cha kuwashia kwenye kona ya juu ya pedi, jirani na alama za hesabu. Sina la kusema juu ya hilo isipokuwa: usinunue.

Laptopu zisizo na pedi nazo zilikuwa na kituko chao. Mashine za zamani zilificha namba ndani ya herufi: NumLock ikiwashwa, U, I na O zinakuwa 4, 5, 6, na J, K na L zinakuwa 1, 2, 3. Mtu akiibonyeza bila kujua, nywila inakataa siku nzima. Bado zipo mtaani, kwa hiyo ukikuta Juma anaandika 140a badala ya jina lake, mwambie azime NumLock.

Wasio na hiari

Wapo ambao kwao mjadala huu hauna pande mbili. Wa kwanza ni wasioona wanaotumia NVDA, programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti. Katika mpangilio wake wa kompyuta ya mezani, pedi ndiyo usukani: 7, 8 na 9 husoma mstari uliopita, uliopo na unaofuata, 4, 5 na 6 hufanya hivyo kwa maneno, 1, 2 na 3 kwa herufi. Ni ramani ambayo vidole vinaikariri. NVDA ina mpangilio wa laptopu pia, lakini huo unadai kubonyeza vitufe kadhaa kwa pamoja. Mtu aliyejifunzia kwenye maabara ya kompyuta za mezani asinunuliwe laptopu isiyo na pedi na ndugu wanaodhani wanamfanyia hisani.

Wa pili ni wanaochora kwa Blender, programu ya michoro ya pande tatu, ambako 1, 3 na 7 za pedi hubadili upande wa kutazama mchoro na 0 hukupeleka kwenye kamera. Ipo mipangilio ya kuufanya mstari wa juu uigize pedi, lakini ukiitumia unapoteza kazi za asili za mstari huo.

Wachezaji wa michezo ya kompyuta wako upande wa pili. Mkono wa kushoto uko W, A, S, D, wa kulia umeshika mausi, na pedi imelala katikati kama mwenye nyumba asiyeonekana.

Ukifika sokoni

Kwenye mashine zilizotumika, zile zinazotoka maofisini nje, hutaulizwa unapenda nini. Unachagua kilichopo kwenye meza. Inasaidia kujua majina. HP ProBook 450 na Dell Latitude za inchi 15 katika familia ya 5000 ni za pedi. Dell XPS 15 hazina, wala Precision 5510, 5520 na 5530 zinazotumia bodi ile ile. MacBook Pro hazina, za ukubwa wowote.

ThinkPad ndizo zenye simulizi. T530 ya mwaka 2012, inchi 15.6, haikuwa na pedi; kibodi ilikaa katikati na watu waliipenda. Mwaka uliofuata ikaja T540p, skrini ukubwa ule ule, pedi ikiwa imeongezwa na tachipedi imesogea kushoto. Wapenzi wa zamani walinung'unika. Miaka ilipita, familia ya T ikaendelea na pedi: T560, T580, T590, T15. Mwaka 2018 Lenovo wakatoa X1 Extreme na P1, inchi 15.6, kibodi katikati. Kwa hiyo nembo moja inauza majibu mawili kwa swali moja, na ukisikia mtu anasema "ThinkPad kubwa" muulize ipi.

Ujanja mmoja wa dukani: angalia vitufe vya pedi kabla ya vile vya herufi. Kama 0 na Enter ya pedi zimeng'aa kwa kusuguliwa na herufi bado zina rangi, mwenye mashine alikuwa mhasibu, na vitufe hivyo vimebaki na maisha mafupi. Fungua Notepad, piga kila namba mara tano. Uliza pia bei ya kibodi mbadala ya mashine hiyo hiyo. Mashine nyingi mpya kibodi yake imepigiliwa kwenye bodi kwa vijipini vingi vidogo, fundi anaibandua yote, na kitufe kimoja cha pedi kilichokufa kinakugharimu kibodi nzima.

Ndoa za katikati

ASUS tangu mwaka 2018 wamekuwa na mashine za ZenBook ambazo tachipedi hugeuka pedi: unagusa kona ya juu, namba zinawaka kwa taa juu ya kioo. Inapendeza macho, na mshale bado unasogea ukiburuza kidole. Ila hakuna kialama juu ya 5, hakuna kitufe kinachoshuka. Lazima uangalie, na kuangalia ndicho tulichokuwa tunakikimbia. Kwa namba ya simu moja inatosha. Kwa risiti mia, hapana.

Framework Laptop 16, iliyoanza kuwafikia wateja mwanzoni mwa 2024, ndiyo pekee ninayoijua iliyokataa kumchagulia mnunuzi. Kibodi yake ni vipande: unaiweka katikati, au unaisukuma pembeni na kuchomeka pedi kulia au kushoto, bila bisibisi. Kushoto! Anayeshika mausi kwa mkono wa kulia anaweza kupiga namba kwa wa kushoto, na kwa wenye mkono wa kushoto ni mara ya kwanza kusikilizwa. Sijaiona Kariakoo.

Pedi ya nje ya USB ndiyo inayobaki kwa watu wa kawaida. Ina vitufe vya kipimo kizima, 0 pana, na bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya laptopu. Ikifa unanunua nyingine bila kumwona fundi. Unaiweka upande wowote. Ila inataka meza, inataka tundu la USB, na inataka usiisahau. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonirudisha mimi kwenye laptopu yenye pedi. Naenda kwa wateja, nakalia kreti, gunia, mara moja ngazi ya msikiti, mashine mapajani na faili juu ya goti. Hapo pedi ya nje haina pa kukaa, na niliisahau kwa mteja mmoja Temeke mara tatu ndani ya mwezi. Nimekubali kukaa upogo. Nikiandika barua ndefu au ripoti, bega la kushoto linanikumbusha mkataba wetu.

Nilipompigia dada alikuwa bado kaunta, soda imeisha. Nikamuuliza: ile isiyo na pedi, vitufe vyote vinafanya kazi? Vinafanya. Tundu za USB ngapi? Mbili. "Ibebe hiyo. Halafu vuka barabara, tafuta pedi ya namba ya waya, yenye 0 pana." Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo nanunua iliyopunguzwa, halafu nanunua kilichopunguzwa?" Nikasikia muuzaji akicheka nyuma. Nikamweleza kwamba Hamisi atakaa na mashine ile masaa kila usiku akiandika, na yeye mwenyewe atahitaji namba za mfululizo siku mbili tatu kwa mwezi. Zile siku nyingine pedi ilale kwenye droo.

Wiki tatu baadaye nilipita dukani kwake. Pedi haikuwa kwenye droo, ilikuwa kushoto mwa laptopu. Mkono wake wa kulia ulikuwa na kalamu, unaweka vema kwenye kila risiti, wa kushoto ukipiga namba polepole, kidole kimoja, 1 ikimponyoka kuwa 7 na yeye akiirudia kwa kuguna. Nikamwambia watu wote huiweka kulia. "Kulia kuna wateja," akanijibu, bila kuinua macho.